Vespa PX 150 iliyofufuliwa, kwa mzee aliyezoea pikipiki kubwa: uzoefu wangu Tanga

Niseme mapema: kwenye Vespa iliyofufuliwa, yaani skuta kuukuu iliyotengenezwa upya, rangi ndiyo kitu cha mwisho kutazamwa. Hii ninayoiendesha ni PX 150 ya miaka ya 1980, injini ya 2T (mipigo miwili), gia nne za mkononi. Kabla yake ilikuwa pikipiki ya silinda mbili, zaidi ya kilo 200. Goti na nyonga vimepata nafuu ya kweli. Hakuna kurusha mguu juu ya kiti, unaingia kama unavyoingia mlangoni. Uzito umezidi kilo 100 kidogo tu, kwa hiyo hata ikikwama kwenye mchanga kule Raskazone unaisukuma mwenyewe. Ila wazee wenzangu, msidhani mnahamia pikipiki ndogo. Hiki ni chombo kingine.

Mguu wa kushoto unakosa kazi. Gia ziko kwenye mshikio wa kushoto pamoja na klachi: bana klachi, zungusha mshikio kwenda juu upate namba 1, kisha kwenda chini kwa 2, 3 na 4. Nyutro iko kati ya 1 na 2. Breki ya nyuma, bahati nzuri, ni ya mguu wa kulia kama kawaida. Tabu iko kwenye kiganja, maana leva ya klachi inazunguka pamoja na mshikio, na ukiwa namba 4 imeelekea chini. Mwenye maumivu ya kifundo cha mkono ataihisi, hasa waya wa klachi ukiwa mkavu. Waya mpya upakwe grisi kabla ya kupitishwa kwenye ganda lake, na leva ibaki na uchezaji wa milimita 2 hivi. Ukiikaza mno klachi itateleza, ukiilegeza mno gia zitakwaruza.

Magurudumu ni ya inchi 10, tairi 3.50-10. Shimo ambalo gurudumu la inchi 19 lilikuwa linalipita juu kwa juu, hili linaingia lote. Reli ikate ukiwa umenyooka, si kwa mshazari. Upepo ni psi 18 mbele, 25 nyuma, na 36 nyuma ukipakia mtu. Mjaza upepo wa barabarani, ukimwachia, atapiga 40 kote kama bodaboda, halafu utasema shokapu ni mbovu. Breki ya mbele ya ngoma usiitarajie ikamate kama diski: inadidimiza pua kabla haijapunguza mwendo. Uzito mwingi uko nyuma, kwa hiyo mguu uanze, mkono ufuate, na nafasi ya mbele iwe kubwa kuliko uliyozoea.

Sasa injini, ambako wengi wanaharibu. Oili inaingia pamoja na petroli: asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita. Lita 5 zinataka mililita 100, tangi zima la lita 8 linataka 160. (Zipo PX zenye tangi lake la oili, hii haina.) Chukua kopo lenye alama, usikadirie kwa kifuniko. Kuzidisha oili si usalama: moshi unaongezeka, plagi inalowa na bomba linajaa masizi. Kwa kuwa oili huja na petroli tu, ukishuka mteremko mrefu, kama ule wa Amani kuja Muheza, huku umeachia mshikio wa mafuta na gia imeingia, pistoni inazunguka kasi bila kulainishwa vya kutosha. Bana klachi kila baada ya muda na uipe injini mafuta kidogo. Aliyezoea pikipiki ya 4T (mipigo minne) hana tabia hii, lazima ajifunze. Ukiegesha, funga koki ya petroli, maana sindano ya kabureta ikivuja injini inajaa mafuta na kesho kiki haiwashi.

Kinachoua Vespa nyingi zilizopakwa rangi vizuri ni sili mbili za krenki, yaani mipira inayoziba hewa na oili kwenye ncha mbili za mhimili unaozungushwa na pistoni. Chombo kikikaa miaka bila kuwashwa mpira unakauka. Sili ya upande wa flaiwili (gurudumu zito lililo mwisho wa krenki) ikipitisha hewa, mchanganyiko unakuwa mkavu, hewa nyingi petroli kidogo: ukiachia mafuta injini inaendelea kuvuma, sailensa (mngurumo wa injini ukiwa umesimama) haitulii, plagi inatoka nyeupe, na mwisho pistoni inakwama. Kurekebisha kabureta hapo ni kupoteza siku. Sili ya upande wa klachi ikichoka, injini inanyonya oili ya gia, moshi mweupe hauishi na oili ya gia inapungua bila kuvuja chini. Ya flaiwili hubadilishwa kwa kuvua flaiwili na koili zake. Ya upande wa klachi inataka injini ifunguliwe nusu mbili, na ndiyo maana mafundi wanaikwepa. Aliyeitengeneza hii alikuwa amebadilisha pistoni na ringi, sili akaziacha, na kazi ikarudiwa baada ya wiki chache. Kwa hiyo unaponunua dai uonyeshwe sili zilizotolewa, usikubali neno tupu.

Oili ya gia ni SAE 30, mililita 250 tu. Pengo la plagi milimita 0.6, na rangi nzuri ya ncha yake ni ya kahawia. Pistoni ikiwa mpya, kilomita 500 za kwanza usikamue mafuta mpaka mwisho kwa muda mrefu.

Bodi ndiyo fremu, hakuna mabomba chini yake. Chumvi ya bahari ya huku kwetu inakula sakafu kuanzia chini, na kwenye gurudumu la akiba ndani ya ubavu wa kushoto. Inua mkeka, lala chini utazame, pitisha sumaku. Isiposhika, pati (lipu ya kujazia mashimo kabla ya rangi) imejazwa badala ya bati. Sakafu iliyooza ichomelewe bati jipya kabla ya praima.

Rimu ni nusu mbili. Nati 5 zinashika gurudumu kwenye ngoma, nati nyingine 5 zinaunganisha nusu hizo. Kijana wa pancha asiyeijua akianza na hizi za pili wakati tyubu ina upepo, rimu inaweza kuruka ikamjeruhi. Toa upepo wote kwanza, kila mara.

Mwendo wake wa raha ni kilomita 60 hadi 70 kwa saa, na lita moja inanipa kilomita 30 hivi za mjini. Kwa mitaa ya Ngamiani, Chumbageni, hata Pongwe, sitaki kingine. Barabara kuu ya kwenda Segera siipendekezi: basi likikupita linakuyumbisha, na huna nguvu ya kulikimbia. Kwenye kiboksi cha mbele ninaweka plagi moja na spana yake, waya wa klachi na wa mafuta, vishikizo vya skrubu vya kufungia waya, na chupa ndogo ya oili ya 2T ya mililita 100, kwa sababu si kila kituo cha petroli utaipata.