Contessa 32: fundi wa mahema wa Arusha apanda boti ya matanga

Mimi nashona mahema ya safari hapa Njiro. Mwaka jana mzee mmoja jirani aliniletea tanga la boti yake: kitambaa kizima, uzi umeliwa na jua, ugonjwa uleule wa mahema. Nusu ya malipo akanipa pesa, nusu akanilipa safari ya Tanga. "Fundi, ukaione kazi yako ikivuta."

Boti ni Contessa 32, ya faibaglasi, mchoro wa David Sadler, iliyoanza kuundwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Urefu karibu meta 9.8, upana 2.9 tu. Nilipoiona pale Raskazone, ufukweni Tanga, moyo ulisita. Nyembamba, halafu imekaa chini chini majini kama vile tayari imebeba mizigo. Sikumwambia mzee.

Ilikuwa Julai, kusi imechachamaa, na tukaelekea upande wa Pangani, yaani upepo usoni. Tukawa tunabisha, yaani tunakwenda zigizaga kuukabili upepo. Boti ikalala ubavu mpaka maji yakaanza kuramba ukingo, nami nikakumbatia kamba ya kwanza niliyoiona. Mzee akacheka: "Tulia, kijana. Ikifika hapo inagoma."

Na kweli iligoma kulala zaidi. Karibu nusu ya uzito wake wa tani 4.3 ni farumi, yaani uzito wa kuituliza boti, iliyofungiwa ndani ya mkuku, ule uti wa chini unaozama majini. Madereva wa watalii watanielewa: Landcruiser yenye mahema juu ya keria huyumba kila kona, lakini hapa mzigo wote uko chini ya sakafu. Omo yake (pua ya mbele) nyembamba haipigi wimbi kofi, inalipasua. Usukani mzee aliushika kwa vidole viwili huku anakunywa chai. Mwendo? Kama noti sita (kipimo cha mwendo baharini), yaani kilometa 11 kwa saa. Bodaboda yenye pancha ingetupita, ila kwa boti ya ukubwa huo inayokwenda joshi, yaani kuelekea upepo unakotoka, huo ni mwendo.

Sifa yake kubwa ilitoka kwenye Fastnet ya 1979, mashindano ya boti za matanga kutoka Uingereza hadi mwamba wa Fastnet, Ireland, na kurudi, dhoruba ilipoua mabaharia 15. Katika daraja la boti ndogo kabisa, iliyofika mwisho ni moja tu, Contessa 32 iitwayo Assent. Baada ya siku ile nikaamini bila ubishi.

Kasoro zipo. Ndani ni pembamba kama Hiace. Watu wanne mkilala humo lazima muwe ndugu. Mkuku unazama meta 1.68, kwa hiyo maji yakipwa huwezi kuilaza mchangani kama dau. Na utalowa! Nilirudi Arusha na chumvi mpaka masikioni.

Mishono yangu haikufumuka hata mmoja. Sasa mzee anataka nimshonee turubai la kukinga maji pale wanapokaa watu. Nimemwambia safari hii nalipwa taslimu, yote.