Pakiti ya bakteria wa kunde: nzuri, ila sie wa uwanda tuanze na samadi

Naona watu wanauliza hizi pakiti za bakteria wa kunde na choroko zinafaa au ni kutupa hela tu. Mie nalima Makunduchi, Unguja, kwenye uwanda (udongo mchache juu ya mawe ya matumbawe) sio kinongo (udongo wenye kina na rutuba), nlinunua duka moja la pembejeo hapo mjini, na nasema zinafaa. Naipa nyota nne, hio moja nliobana ni ya maelezo ya kwenye pakiti, bakteria wenyewe sina ugomvi nao.

Kutumia rahisi, unarowesha mbegu kwa maji ya sukari kidogo, unamwagia ule unga mweusi, unachanganya kivulini mpaka mbegu zote ziwe nyeusi na unapanda siku ile ile, jua lisiwapige maana ni viumbe hai. Muuzaji alikuwa nazo kwenye friji, hapo nimempenda.

Sasa kuna kitu pakiti haijagusa kabisa. Hawa bakteria wanachukua naitrojeni ya hewani wanampa mmea, na enzaimu, yaani protini wanayofanyia kazi hio, inakula chuma balaa, protini yake kubwa peke yake ina atomu 30 za chuma, bado ile ndogo inayoisaidia. Na udongo wetu wa mawe ya matumbawe chokaa tele, chuma kimo lakini kimeshakuwa kutu haiyeyuki, kwa hio bakteria anakaa juu ya chuma na njaa yake. Anachofanya anatoa nje molekuli ndogo zinaitwa siderofori, kama mvuvi anavorusha mshipi, zinanasa chuma na bakteria ana mlango maalum unaoitambua siderofori hio ndo inaingia na chuma chake. Akishashiba anaacha kuzitengeneza, maana chuma kikizidi nacho sumu. Rhizobium leguminosarum, wale wa njegere, wana yao inaitwa visibaktini. Jamii ya Bradyrhizobium, ndo hawa wa kunde, hawafanani, wengine wanatoa sitreti (inatokana na asidi kama ile ya ndimu), wengine hawatengenezi siderofori kabisa ila wanadaka za kuvu walio jirani! Wallahi hapo ndo walinimaliza.

Kwa hio jamani msiwapande kwenye uwanda mtupu, tieni samadi iliooza vizuri kwanza, kuvu wanaishi humo na mboji nayo inakishika chuma kisigande. Mie nlitia upande mmoja tu wa shamba. Kunde zilipoanza maua nkang'oa mche huku na huku, nkapasua kwa ukucha vinundu vya mizizini, ndimo wanamokaa bakteria: upande wa samadi vinene, ndani vyekundu mpaka ukucha ukaingia rangi, na wekundu ule ni leghemoglobini, protini ya kwenye vinundu, nayo ina chuma. Upande wa pili vidogo, ndani vyeupe, yaani hakuna kazi inayofanyika humo. Na majani yaangalieni, yale machanga yakipiga manjano mishipa ikabaki kijani hio njaa ya chuma, yakianza ya chini kuwa manjano yote ndo naitrojeni mara nyingi.

Wenye kinongo shida hii kwenu ndogo, nunueni mpande. Wa Micheweni huko Pemba mpo kama sie. Watengenezaji nawaomba waandike hata mstari mmoja kuhusu udongo wa chokaa. Na kabla hujalipa soma tarehe ya kuisha, ukishaifungua itumie yote, usiiweke mpaka msimu mwengine.