Bunduki ya Leva kwa Kulungu: Ipi Ununue Kwanza, Ipi Uiache

Katika misitu ya mashariki ya Marekani, kulungu mkia mweupe mara nyingi huonekana akiwa ndani ya yadi 100, na unaweza kuwa na sekunde chache tu kabla hajapotelea vichakani. Hapo ndipo bunduki ya leva, ile inayokokiwa kwa mpini ulio chini ya kifyatulio, inapojipatia heshima yake. Ni fupi na nyembamba, hainasi kwenye matawi, na risasi ya pili inaingia chemba (chumba cha nyuma ya mtutu inamofyatuliwa) bila kuishusha begani. Kama mawindo yako yako kwenye nyika wazi za Wyoming, ambako risasi ya yadi 300 ni jambo la kawaida, nunua bunduki ya bolti, inayokokiwa kwa kitasa cha pembeni, na usiangalie nyuma.

Watu hubishana sana kuhusu ipi ina shabaha kali zaidi. Mimi naona ni ubishi usio na faida, kwa sababu zote nitakazotaja zinapiga vizuri kuliko wapigaji wengi wanaozinunua. Kinachozitofautisha ni namna zinavyojazwa risasi, namna nyundo inavyotulizwa, na hasa namna zinavyotolewa risasi jioni, mikono ikiwa imeganda na giza likiingia. Nimezipanga kwa kigezo hicho.

Lakini anza na risasi, ndipo uje kwenye bunduki. Kwa kulungu, risasi ya aina ya .30-30 inatosha kabisa. Winchester waliileta sokoni mwaka 1895, na mpaka leo kichwa cha greni 150 (karibu gramu 10) hutoka mtutuni kwa takriban mita 730 kwa sekunde. Ndani ya yadi 150 hiyo ni nguvu ya kutosha kupenya mbavu na mapafu. Teke lake, yaani msukumo wa kitako begani, ni la wastani, kwa hiyo hata anayeanza anaweza kufanya mazoezi ya kutosha bila kuanza kuiogopa bunduki yake, na mpigaji anayeogopa teke hufumba macho anapofyatua. .35 Remington nayo ni nzuri, ila risasi zake ni adimu. .45-70, risasi ya jeshi ya mwaka 1873, inamwangusha kulungu bila shaka yoyote, lakini zile nzito zinapiga teke kali lisilo na sababu kwa mnyama wa ukubwa huo. Ukiichukua, tumia za greni 300.

Soma kanuni za jimbo lako kabla ya kutoa pesa. Ohio, kwa mfano, huruhusu bunduki za aina hii kwa kulungu tangu 2014 kwa sharti kwamba ganda la risasi limenyooka toka chini mpaka juu. .30-30 ina shingo, kwa hiyo haikubaliki huko. Katika maeneo ya namna hiyo utaangalia .45-70, .44 Magnum, au .360 Buckhammer ambayo Remington waliitoa 2023. Kuna jambo jingine ambalo wageni wengi hawaambiwi: dukani utajaza fomu ya serikali kuu namba 4473 na kuchunguzwa, na mtu aliye Marekani kwa viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi kununua bunduki, isipokuwa anapoingia kwenye mojawapo ya misamaha ya sheria. Msamaha mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Basi leseni hutangulia, bunduki hufuata.

Na sasa mpangilio wenyewe.

Ya kwanza ni Henry ya .30-30 yenye kilango cha pembeni cha kujazia risasi, mwili wa chuma cha kawaida. Kwa miaka mingi Henry zilijazwa risasi kwa mbele tu, kupitia tundu la bomba lililo chini ya mtutu, na wawindaji wengi walizikataa kwa sababu hiyo. Tangu 2019 kampuni iliongeza kilango cha pembeni bila kuondoa njia ya mbele, na hapo ndipo ilipowapita wengine machoni pangu. Jioni unavuta bomba la ndani, unainamisha bunduki, risasi zinamwagika kiganjani. Zinazobaki za kutoa kwa leva ni ile iliyo chembani na pengine moja iliyoko njiani. Haina kitufe cha usalama, na wapo wanaolilalamikia hilo, ila ndani yake kuna kipande cha chuma kinachozuia nyundo isifikie pini inayolipua risasi mpaka kifyatulio kivutwe. Epuka ile ya shaba kama unawinda kwa miguu: inang'aa na uzito wake unauhisi mapema sana mchana.

Ya pili, na si mbali, ni Marlin 336. Ilitoka 1948 na umbo lake halijabadilika sana, kwa sababu nzuri. Juu imefunikwa kabisa, ganda linatemwa pembeni, darubini inakaa katikati bila shida. Ukifungua skrubu moja leva inatoka, bolti inafuata, na unasafisha mtutu kutokea nyuma kama inavyotakiwa. Kwa usafi hakuna inayoifikia. Kutoa risasi ni kazi zaidi: lazima uzipitishe zote chembani moja baada ya nyingine, japo katika zile zenye kitufe cha usalama unaweza kukibonyeza kwanza ili nyundo isifike pini.

Historia ya kiwanda ni muhimu kwa anayenunua iliyotumika. Marlin ilinunuliwa na Remington mwishoni mwa 2007, na baada ya uzalishaji kuhamishwa, bunduki nyingi za miaka ya kwanza zilitoka na mbao zisizokaa sawa, vilengeo vilivyopinda na leva nzito. Ruger waliichukua kutoka kwenye mnada wa kufilisika wa Remington mwaka 2020, na 336 zao zilianza kuuzwa 2023 zikiwa zimetengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Kwa hiyo tafuta ama ya kale yenye chapa JM kwenye mtutu, karibu na mahali unapoungana na mwili, ama mpya ya Ruger. Mpya itakugharimu zaidi ya dola 1,000. Za katikati si lazima uzikatae, ila usinunue kwa picha. Ishike, ikague, ikoki mara kadhaa ukiwa umeomba ruhusa ya muuzaji.

Ya tatu ni Winchester 94, kazi ya mbunifu wa silaha John Browning. Zimetengenezwa zaidi ya milioni saba, na mkononi hakuna kati ya hizi iliyo nyepesi na yenye mizani nzuri kama yake. Naipenda kwa dhati, lakini siwezi kuiweka juu kwa mtu anayeanza. Zilizotengenezwa kabla ya mwanzo wa miaka ya 1980 hutema ganda juu moja kwa moja, kwa hiyo darubini haiwezi kukaa katikati. Mtutu wake husafishwa kutokea mdomoni, kazi inayotaka uangalifu usije ukakwaruza ukingo wake. Halafu zile za kale usalama wake wote ni nyundo iliyovutwa nusu. Kuishusha nyundo taratibu juu ya risasi iliyo chembani, kidole gumba kikiwa kimelowa, ni kitendo ambacho hakina nafasi ya kuteleza. Kwa mpenda vilengeo vya chuma mwenye mikono iliyozoea, ni bunduki ya maisha.

Browning BLR naiweka nje ya safu kwa sababu inafanya kazi tofauti. Ina magazini ya kuchomoa, hivyo inakubali risasi zilizochongoka kama .308 na .30-06, na inafika yadi 250 bila taabu. Ni nzuri pale msitu unapokutana na mashamba. Savage 99 haitengenezwi tena, ila ukiikuta safi katika .300 Savage, ya bei isiyoumiza, ichukue. Karabini (bunduki fupi) za .357 Magnum ziache kwa mazoezi. Kwa kulungu zinakulazimisha kumsogelea mno.

Hilo la risasi zilizochongoka linataka maelezo, maana ni suala la uhai. Katika Henry, Marlin na Winchester hizi za .30-30 risasi hulala ndani ya bomba zikifuatana, ncha ya moja ikigusa fataki (kiwashio kilicho kwenye kitako cha risasi) ya iliyo mbele yake. Ncha kali ya chuma inaweza kulipua fataki hiyo bunduki inaporuka. Ndiyo sababu risasi za .30-30 zina vichwa bapa. Hornady hutengeneza zenye ncha laini ya plastiki inayonyumbulika, ziitwazo LEVERevolution, na hizo ni salama kwa bomba. Nje ya hizo, bapa tu.

Kwenye matumizi, kosa linaloharibu mawindo mengi ni kuikoki kwa woga. Leva isukumwe mpaka mwisho wake na irudishwe mpaka mwisho wake, kwa nguvu, kitako kikiwa bado begani. Ukiisukuma nusu, ganda halitoki au risasi mpya inakwama njiani. Jizoeze nyumbani kwa risasi bandia mpaka mkono ufanye wenyewe, na baada ya kila risasi ya kweli koki mara moja huku macho yakiwa kwa mnyama.

Rekebisha vilengeo ipige inchi 2 juu ya kituo kwa yadi 100. Hapo .30-30 itakuwa inagonga kituoni karibu na yadi 150, na ndani ya umbali huo huhitaji kukisia chochote. Kilengeo cha tundu kilichofungwa kwenye mwili wa bunduki kinatosha. Darubini ya kukuza mara 1 hadi 4 inasaidia alfajiri na magharibi. Ukifunga darubini, weka na kipande cha kurefusha nyundo pembeni, la sivyo kidole hakitapata pa kushika.

Unapopanda dungu, bunduki ibaki chini bila risasi yoyote, uivute kwa kamba ukishakaa na kujifunga mkanda. Kulungu akisimama ubavu, lenga nyuma kidogo ya mguu wa mbele, theluthi moja ya kiwiliwili kutoka chini. Akikimbia baada ya risasi, kaa. Subiri nusu saa, kisha ushuke utafute damu: ya waridi yenye povu ni ya mapafu, naye hatakuwa mbali. Ya giza yenye harufu ya tumbo inamaanisha usubiri saa kadhaa kabla ya kufuata, hata kama moyo unakusukuma kwenda.

Siku ya kununua, chukua maboksi mawili ya watengenezaji tofauti, moja la greni 150 na moja la 170, uyajaribu kwenye uwanja wa shabaha. Kila mtutu una unachokipenda. Ukishakijua, nunua risasi za aina hiyo za kutosha msimu mzima, na usibadilishe katikati.