Ramani za sensa: kupaka rangi au kumwaga nukta?

Ukitaka kuonyesha watu wako wapi Kenya kwa data ya sensa ya 2019, wengi wanakimbilia ramani ya rangi, yaani kila kaunti inapakwa rangi kulingana na idadi. Shida ni kwamba jicho linaona ukubwa wa eneo kwanza: Marsabit ina karibu kilomita za mraba 71,000 na watu 459,785 tu, Nairobi ina watu 4,397,073 lakini kwenye ramani ya nchi nzima ni kidoa, hata rangi yake huioni vizuri. Ukigawanya kwa eneo upate msongamano inasaidia, ila bado Marsabit yote inatoka rangi moja, utadhani watu wametandazwa hadi katikati ya jangwa la Chalbi.

Sasa nukta. Weka moja kwa kila watu 1,000, Nairobi inapata kama 4,400 zimebanana, Marsabit kama 460, na mtu hahitaji hata kuelezwa. Lakini hapa chunga sana, programu inamwaga nukta popote ndani ya mpaka ulioipa, ukitumia mpaka wa kaunti, nukta zingine zitaangukia jangwani kusikoishi mtu, so shuka hadi level ya sublokesheni (vieneo vidogo vya utawala ndani ya kaunti) hata kama kompyuta itakuwa slo.

Kwa idadi ya watu mimi nachagua nukta bila kusita. Rangi nawekea asilimia, kama nyumba zenye stima, hapo inafanya kazi poa kabisa.