Kujalidi kijitabu cha Wabilala: mkono mzuri, jicho zito

Mwezi uliopita nilipeleka katika duka moja la kuchapa na kujalidi, hapa Ngamiani mjini Tanga, kijitabu cha kurasa 36 nilichowaandalia wanafunzi wangu wa madrasa kuhusu Wabilala, Waislamu wakaao kandokando ya Ziwa Fitri nchini Chad. Niliagiza nakala 40.

Kwa kazi ya mkono sina la kulalamika. Gundi haikuvuja, karatasi zimekatwa sawasawa, na kijitabu kikifunguliwa kinatulia juu ya marufaa. Ramani, ambayo nilichelea ingefifia, imetoka safi hata jina la Yao, makao ya sultani wao, linasomeka bila miwani.

Shida imo katika usomaji. Jalada liliandikwa "Historia ya Bilali", kwa kuwa kijana wa kompyuta alidhani nimekosea tahajia akanisahihishia bila kuniuliza. Simlaumu sana, maana ni nani kwetu asiyemjua muadhini wa Mtume? Lakini yule ni mtu mmoja, na hawa ni kabila zima.

Kosa la pili ndilo lililoniudhi. Karatasi yenye kurasa za 13 na 14 imebandikwa baada ya ile ya 21 na 22. Ya kwanza inaeleza jinsi Wabilala, katika karne ya 14, walivyowaua wafalme kadhaa wa dola ya Kanem, hata mfalme Umar ibn Idris akauacha mji mkuu wa Njimi na kuhamishia utawala Borno, upande wa pili wa Ziwa Chad. Ya pili inasimulia vita alivyowapiga Idris Alooma, mfalme wa Borno, karne mbili baadaye, kama vilivyoandikwa na imamu wake, Ahmad ibn Furtu. Kwa mpangilio wa duka, basi, Wabilala wanashindwa kabla hawajashinda. Nao tayari wana bahati mbaya ya kusimuliwa zaidi na kalamu ya adui yao.

Mwenye duka alikubali kubadilisha majalada kwa gharama yake, ila kurasa alikataa, akisema nilipaswa kukagua nakala ya mfano, ambayo sikuonyeshwa. Atakayekwenda aidai kabla ya kulipa.

Nakala 12 nilikwisha kuzigawa, na mwanafunzi mmoja ameniuliza Bilali alihamia Chad mwaka gani.