Uzoefu wangu na Hibernate Tools: kuzalisha klasi za entiti kutoka kanzidata iliyopo

Hibernate Tools, zana za Hibernate (maktaba ya Java inayounganisha klasi na majedwali ya kanzidata), naitumia kwa kazi moja: kanzidata ipo tayari, majedwali yamejaa data, na mradi wa Java unahitaji klasi za entiti, yaani klasi zinazowakilisha majedwali, zinazolingana nayo. Kwa kazi hiyo naipa alama za juu, ila kwa sharti. Ubora wa klasi utakazopata huamuliwa kwenye muunganisho, kabla zana haijaandika hata mstari mmoja. Zana hii haijui lolote kuhusu kanzidata yako zaidi ya kile inachoelezwa na draiva ya JDBC (kiunganishi kati ya Java na kanzidata), na draiva nayo hueleza kulingana na anwani, mtumiaji na skima (kundi la majedwali) uliyoipa. Ukikuta klasi za ajabu, usianze kuzirekebisha kwa mkono. Rudi kwenye muunganisho.

Ninaiendesha kupitia Maven, zana ya kujenga miradi ya Java. Kwa familia ya 6 ya Hibernate, programu-jalizi yake ni `hibernate-tools-maven` ya kundi la `org.hibernate.tool`, na lengo la kuita ni `hbm2java`. Toleo lake liendane na toleo la Hibernate la mradi, maana familia ya 5 kwa kawaida hutumia `javax.persistence` na familia ya 6 hutumia `jakarta.persistence`. Mradi wa Spring Boot 3, unaotumia `jakarta`, ukipewa klasi zenye `javax`, hautakompaili.

Jambo la kwanza linalowakwamisha wengi ni draiva. Unaiweka kwenye orodha ya tegemezi za mradi, programu inafanya kazi vizuri, lakini `hbm2java` inalalamika kwamba haioni klasi ya draiva. Sababu ni kwamba programu-jalizi ya Maven ina orodha yake yenyewe ya tegemezi, na haisomi ile ya mradi. Draiva inatakiwa iandikwe tena ndani ya `<plugin>`, chini ya `<dependencies>` yake. Kwa MySQL ni `com.mysql:mysql-connector-j`, na jina la klasi ni `com.mysql.cj.jdbc.Driver`, lile la zamani, `com.mysql.jdbc.Driver`, limebaki kwenye mafunzo ya kale.

Taarifa za muunganisho zinakaa kwenye faili la `hibernate.properties`, ambalo unalitaja kwa `propertyFile`:

```
hibernate.connection.driver_class=com.mysql.cj.jdbc.Driver
hibernate.connection.url=jdbc:mysql://localhost:3306/maktaba
hibernate.connection.username=msomaji
hibernate.connection.password=...
hibernate.default_catalog=maktaba
```

Faili linaonekana jepesi, lakini lina mitego miwili. Java haiondoi nafasi iliyo mwishoni mwa thamani, kwa hiyo nafasi moja baada ya nywila inakuwa sehemu ya nywila, na seva inakukatalia ilhali kwa macho kila kitu kiko sawa. Pia alama ya `\` ndani ya nywila lazima iandikwe mara mbili. Upande mwingine, ukihamishia anwani ile ile kwenye faili la XML kama `persistence.xml`, kila `&` inayotenganisha vigezo iandikwe `&amp;`, la sivyo faili halisomeki kabisa.

Makosa ya muunganisho yana mpangilio, na ukiujua unaokoa muda mwingi. `Communications link failure` maana yake hujafika kwenye seva: angalia jina la mashine, poti, ukuta wa moto, au kama seva imewashwa. `Access denied` maana yake umefika lakini hujatambuliwa au huna ruhusa kwenye kanzidata hiyo, na kwa MySQL kumbuka kwamba `'msomaji'@'localhost'` na `'msomaji'@'%'` ni akaunti mbili tofauti. Seva ikiwa ndani ya kontena, ombi lako halitoki `localhost` kwa mtazamo wake. `Unknown database` inaonyesha kwamba nywila imekubaliwa na kasoro iko kwenye jina la mwisho la anwani. Kisha kuna `Public Key Retrieval is not allowed`, inayotokana na njia ya uthibitishaji ya MySQL 8, `caching_sha2_password`, pale muunganisho usipotumia TLS (usimbaji wa mawasiliano). Kwenye mashine yako ya kazi unaweza kuongeza `allowPublicKeyRetrieval=true`; kwa seva iliyo mbali, suluhisho sahihi ni kuwasha TLS.

Kwa SQL Server, tangu draiva ya toleo la 10.2, usimbaji umewashwa kwa chaguo-msingi. Seva yenye cheti ilichojisainia yenyewe inakurudishia `PKIX path building failed`. Kigezo cha `trustServerCertificate=true` kinaondoa kosa hilo, ila nakiruhusu kwenye mazingira ya majaribio tu. Kwa Oracle, angalia alama inayotangulia jina la mwisho: `@mashine:1521:XE` ni SID (kitambulisho cha kanzidata yenyewe), na `@//mashine:1521/XEPDB1` ni jina la huduma. Ukizichanganya unapata ORA-12505 au ORA-12514, ya kwanza ikihusu SID na ya pili ikihusu huduma.

Sasa tuje kwenye katalogi na skima, sehemu ninayoiona muhimu kuliko zote. Kwa MySQL, kile tunachokiita kanzidata draiva inakiripoti kama katalogi, na nafasi ya skima inabaki tupu. Watu waliozoea PostgreSQL hujaza `default_schema` wakashangaa haisaidii. Zaidi ya hapo, draiva ya familia ya 5.1 ilipoulizwa majedwali bila kutajiwa katalogi ilijibu kwa kanzidata ya sasa peke yake. Kuanzia familia ya 8 tabia hiyo imegeuzwa: bila katalogi, inaleta majedwali ya kanzidata zote ambazo mtumiaji anaruhusiwa kuziona. Kama seva ina `maktaba` na `maktaba_majaribio`, zote zikiwa na jedwali la `kitabu`, klasi moja inaifuta nyingine, au unapata safu ambazo hukuwahi kuziunda. Dawa ni `nullDatabaseMeansCurrent=true` kwenye anwani, au kutaja katalogi waziwazi kwenye faili la `reveng`, faili la XML linaloieleza zana isome nini na vipi:

```
<schema-selection match-catalog="maktaba"/>
```

Napendelea njia ya pili, kwa sababu `schema-selection` inapunguza kile kinachosomwa tangu mwanzo. `table-filter` kazi yake ni kuchuja baada ya kila kitu kusomwa, na kwenye Oracle yenye skima nyingi tofauti ya muda inaonekana wazi. Hapo hapo Oracle inataka jina la skima kwa herufi kubwa, na PostgreSQL kwa herufi ndogo, isipokuwa jina liliundwa ndani ya alama za nukuu.

Usiache kuandika `hibernate.default_catalog` au `default_schema`. Zana ikikuta jedwali liko kwenye katalogi iliyotajwa hapo, inaliacha jina hilo nje ya anotesheni (maelezo yanayoanza na `@` kwenye klasi). Usipoitaja, kila klasi inatoka na kitu kama `@Table(name="kitabu", catalog="maktaba_majaribio")`. Majaribio yanapita, programu inapelekwa kwenye seva halisi yenye kanzidata ya jina jingine, na kila ombi linashindwa.

Kuhusu mtumiaji, ninaunda akaunti ya kusoma tu: `GRANT SELECT ON maktaba.*`. Kwa kawaida inatosha kuzalisha klasi, na inakulinda endapo mtu ataacha `hibernate.hbm2ddl.auto=create` kwenye faili lile lile. Ila hakikisha akaunti inaona majedwali ya pande zote za uhusiano. Jedwali mzazi likifichwa, uhusiano hauzalishwi ipasavyo.

Muunganisho ukikaa sawa, zana inafanya kazi nzuri kweli. Ufunguo wa kigeni (safu inayorejelea jedwali jingine) unakuwa `@ManyToOne` upande mmoja na mkusanyiko upande wa pili. Jedwali lenye funguo mbili za kigeni bila safu nyingine halipewi klasi. Linageuka `@ManyToMany`, na kama hutaki, zima `detectManyToMany`. Ukiongeza hata safu moja ya tarehe kwenye jedwali hilo, linakuwa entiti kamili, na ndivyo inavyostahili. Safu iitwayo `version` inachukuliwa kuwa ya kudhibiti mabadiliko ya wakati mmoja na kupewa `@Version`. Kama kwako ina maana nyingine, zima `detectOptimisticLock` mapema. Majedwali ya zamani ya MyISAM, injini ya kuhifadhi data ya MySQL, hayahifadhi funguo za kigeni hata ukiziandika, kwa hiyo uhusiano wake utauandika mwenyewe kwenye `reveng`.

Aina za data zinahitaji jicho. Draiva ya MySQL inaripoti `TINYINT(1)` kama biti, na klasi inapata `boolean`. Kama safu hiyo inabeba hali za 0 hadi 4, weka `tinyInt1isBit=false` kwenye anwani. Oracle ina mfano unaofanana: `NUMBER(1)` inageuzwa `boolean` na zana yenyewe, na hapo marekebisho ni kwenye sehemu ya `type-mapping` ya faili la `reveng`:

```
<sql-type jdbc-type="DECIMAL" precision="1" hibernate-type="byte"/>
```

Draiva ikiiripoti kama `NUMERIC`, andika mstari wa pili wenye neno hilo.

Hatari kubwa kuliko zote ni jedwali lisilo na ufunguo msingi. Zana haikatai, inaunda klasi ya pili yenye jina linaloishia na `Id` na kuzijumlisha safu zote humo kama ufunguo. Msimbo unakompaili bila neno. Lakini mstari wowote wenye safu moja iliyo NULL, Hibernate inaurudisha kama `null` ndani ya orodha ya matokeo, na kosa linajitokeza mbali kabisa na chanzo chake. Kila baada ya kuzalisha, tafuta majina yanayoishia `Id` na uyakague moja moja. Kwa yasiyotokana na ufunguo wa kweli wa safu nyingi, taja ufunguo sahihi kwenye `reveng`:

```
<table name="kumbukumbu">
  <primary-key>
    <key-column name="namba"/>
  </primary-key>
</table>
```

Kagua pia `@GeneratedValue`. Kwa MySQL yenye AUTO_INCREMENT inaandikwa, lakini Oracle na PostgreSQL zikitumia mfuatano, mara nyingi ufunguo unatoka bila anotesheni hiyo. Ukiacha hivyo, Hibernate itasubiri wewe uweke namba na kuhifadhi kutashindwa. Ongeza `<generator class="sequence"/>` ndani ya `primary-key`.

Kwa mpangilio wa mradi, ninaacha klasi zizalishwe chini ya `target/generated-sources` na sizigusi. Mantiki inakaa kwenye klasi nyingine. Faili la `reveng` linaingia Git, `hibernate.properties` yenye nywila haiingii. Na lengo la `hbm2java` siliunganishi na kila ujenzi wa mradi, kwa sababu seva ya kujenga isiyofikia kanzidata itasimamisha kazi ya timu nzima. Liweke kwenye profaili yake, uliite pale tu jedwali linapobadilika, kisha linganisha klasi mpya na za zamani kabla ya kuzipokea.