Mbwa Wangu Hakuwa Akideka: Uzoefu Wangu na Kliniki Moja ya Mifugo

Nimekuwa mteja wa kliniki hii kwa miaka kadhaa, hasa kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na sijawahi kusema neno baya juu yake mbele ya mtu yeyote. Ninaandika sasa kwa sababu ya maneno niliyoambiwa nikiwa nimesimama mbele ya kaunta yao, mbwa wangu akiwa amejilaza sakafuni kwa kukosa nguvu ya kusimama: "Mama, huyu anadeka tu. Mmemzoesha vitamu." Daktari aliyesema hivyo alikuwa upande wa pili wa kaunta, kalamu mkononi, na hakutoka pale. Hakumgusa mbwa, hakumpima joto, hakumfungua mdomo. Alimtazama kwa muda usiotosha hata kuhesabu hadi kumi, kisha akageuka kwenye rafu na kuniwekea mezani makopo matatu ya unga wa kuongeza uzito.

Chui ni chotara wa German Shepherd, analinda nyumba yetu nje kidogo ya Dar es Salaam, na katika hali yake ya kawaida ana kilo 29. Siku ile mizani ya kliniki ilisoma kilo 21. Mizani hiyo ipo mlangoni, na aliyempandisha Chui juu yake ni mimi mwenyewe. Nilimtajia daktari tarakimu hiyo, naye akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimemtajia bei ya nyanya. Mbwa aliyepoteza zaidi ya robo ya uzito wake amepoteza nyama ya mapaja, nyama ya mgongo na nguvu ya kuamka mgeni anapogonga geti, na mtu aliyesomea kazi hiyo hakuhitaji kuelezwa hayo na mimi.

Nitakuwa mkweli, kwa sababu sitaki kumwonea mtu. Chui ni mchaguzi wa chakula tangu alipokuwa mdogo. Ugali ukipoa hali. Dagaa wakizidi chumvi huwachambua mmoja mmoja na kuwaacha pembeni mwa bakuli. Kila mtu nyumbani kwetu anamjua hivyo, na kwa sababu tunamjua hivyo tulichelewa sana kushtuka. Alipoanza kubakiza nusu ya chakula tulisema ni tabia yake. Aliponusa na kugeuza uso tulibadilisha dagaa kwa utumbo wa ng'ombe, akala siku mbili, akakataa tena. Lililonipeleka kliniki ni kwamba alikataa ini la kuku, kitu ambacho kwa miaka yote alikuwa akikililia mlangoni mwa jiko. Nilimweleza daktari jambo hilo hasa. Mbwa mchaguzi hukataa hiki kwa sababu anakitaka kile. Anayekataa hata kile anachokipenda kuliko vyote ana jambo jingine mwilini. Nililijua hilo kwa kuishi naye tu, na nilitarajia daktari alijue kwa kusomea.

Tulimpa unga ule kama tulivyoelekezwa, ukiwa umekorogwa kwenye maziwa, asubuhi na jioni. Siku ya tatu alianza kuhara. Mbwa wengi wakishakua hawana tena uwezo mzuri wa kusaga sukari iliyomo kwenye maziwa, kwa hiyo yale maziwa ya kumnenepesha yalikuwa yakimtoa maji na chakula kidogo kilichokuwa kimebaki tumboni. Nilipiga simu. Nikajibiwa na yule yule kwamba nipunguze maziwa na nimtilie mchuzi wa nyumbani apate hamu. Mchuzi wa nyumbani kwetu, kama ilivyo kwa nyumba nyingi, unaanza na vitunguu maji na vitunguu saumu. Vitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, viwe vibichi au vimepikwa. Sikuwa najua. Yeye alipaswa kujua, na alipaswa kunitahadharisha kabla hajaniambia nitie mchuzi. Hadi leo nikikumbuka kwamba kwa karibu wiki mbili nilikuwa nikimbembeleza mnyama aliyepungukiwa na damu anywe kitu kinachoivunja hiyo damu, mikono yangu inakosa utulivu.

Wiki nne zikapita hivyo. Makopo mawili yalikuwa bado hayajafunguliwa, na nyumbani nilikuwa nikimpima kwa kupanda mizani nikiwa nimempakata, kisha kupanda peke yangu na kutoa tofauti. Kilo 19 na nusu.

Asubuhi moja, mvua za masika zikiwa zimeshika, binti wa dada yangu alikuta damu kwenye sakafu ya banda, ikitoka puani mwa Chui. Madereva wawili wa bajaji walikataa kubeba mbwa, wa tatu akakubali kwa nauli maradufu, nami sikubishana naye. Kliniki tulimkuta kijana mmoja mwanafunzi aliyekuwa pale kwa mafunzo ya vitendo. Daktari alikuwa ametoka. Kijana yule alisema, "Shikamoo mama, pole sana," kisha akapiga magoti sakafuni, kabla hajauliza jina la mbwa wala la mwenye mbwa.

Ninaeleza alichofanya hatua kwa hatua kwa sababu hakikuchukua hata robo saa, na hakukuwa na kifaa hata kimoja ambacho hakikuwepo siku ile ya kwanza. Aliweka kiganja juu ya mbavu na kukivuta taratibu. Akanionyesha nami nifanye: kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo, mbavu zikihisika hivyo, mbwa amekonda kupita kiasi. Nyoosha mkono, pitisha kidole mgongoni mwa kiganja. Mbavu zikihisika hivyo, yuko sawa. Geuza kiganja, gusa nyama iliyo chini ya vidole. Mbavu zikijificha hivyo, amenenepa mno. Aliniambia kuna kipimo cha hali ya mwili kinachoanzia 1 hadi 9, na kwamba 4 au 5 ndipo mbwa anapotakiwa kuwa. Kwenye kadi ya Chui akaandika 2. Kisha akainua mdomo wa juu, na fizi ambazo zilipaswa kuwa na rangi ya waridi zilikuwa zimepauka. Akapekua masikio na katikati ya vidole vya miguu, akatoa kupe wanne. Joto lilikuwa nyuzi 39.8, wakati mbwa mzima kwa kawaida havuki sana nyuzi 39. Akachukua damu.

Majibu yalitoka siku hiyo hiyo: ehrlichia, bakteria wanaoleta ugonjwa wa damu unaoenezwa na kupe wa kahawia wa mbwa. Chembe zinazogandisha damu zilikuwa zimepungua sana, na ndiyo maana pua ilivuja. Homa, kukosa hamu ya chakula, kukonda, fizi kupauka, damu puani: vyote hivyo ni dalili zinazojulikana, na angalau viwili kati yake vilikuwepo sakafuni mbele ya kaunta siku nilipoambiwa kwamba mbwa wangu anadeka. Ugonjwa wenyewe si mgeni wa juzi. Ulielezwa kwa mara ya kwanza nchini Algeria mwaka 1935, katika bara letu hili hili, na kupe anayeueneza yuko katika kila ua wa Dar es Salaam wenye mbwa.

Hapo nilikuwa nimeamua kuandika kwamba kliniki hii ni bora kuliko zote nilizowahi kufika, na bado sehemu ya moyo wangu inataka kusema hivyo. Maabara yao ilifanya kazi kwa usahihi. Bei ya kipimo ilikuwa ya haki. Dawa, yaani vidonge vya doxycycline kwa siku 28, ilikuwepo dukani mwao na haikuwa imepitwa na wakati. Kijana yule aliniandikia kwa mkono wake namna ya kumpa: baada ya chakula, kwa sababu dawa hiyo huchafua tumbo likiwa tupu, na bila kukatiza hata mbwa akionekana amepona. Alinikumbusha pia kwamba kupe wa aina hii hutaga mayai kwenye nyufa za kuta, kwa hiyo kumwogesha mbwa dawa na kuacha banda lilivyo ni kazi bure. Tulitoa kila kitu bandani, tukanyunyiza dawa, tukaziba nyufa kwa saruji.

Kuhusu chakula, mpango alionipa ndio uliomrudisha Chui, na hakuna kopo hata moja ndani yake. Siku za mwanzo milo midogo minne kwa siku badala ya mlo mmoja mkubwa wa jioni tuliouzoea. Wali uliopikwa ukalainika, kuku aliyetolewa mifupa yote kwa kuwa mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, yai la kuchemsha, bila kitunguu cha aina yoyote. Chakula kiwe vuguvugu, kwa sababu mbwa huanza kula kwa pua, na chakula cha baridi hakitoi harufu. Bakuli likae chini dakika ishirini, kisha liondolewe hata kama amebakiza, bila kumbembeleza na bila kumletea kingine. Hilo la mwisho lilinigharimu machozi. Siku ya kwanza aliondoka bila kugusa. Siku ya nne ya dawa alikula robo ya bakuli, akasimama, akanitazama, akarudi akamaliza.

Homa ilipokwisha ndipo tukaanza kuongeza mafuta. Gramu moja ya mafuta ina takriban kalori 9, wakati gramu ya wanga au ya protini ina takriban 4, kwa hiyo kijiko cha mafuta ya alizeti humnenepesha mbwa bila kumjaza tumbo. Lakini kijana alisisitiza tuanze na kijiko cha chai kimoja kwa siku na kupanda polepole, kwa kuwa mafuta mengi ya ghafla yanaweza kuchochea uvimbe wa kongosho. Baadaye tuliongeza utumbo na mapafu ya ng'ombe, yaliyochemshwa yakaiva kabisa. Mapafu mabichi yanaweza kuwa na malengelenge ya tegu mdogo anayempata mbwa kwanza, kisha mayai yake yakawafikia watu wa nyumbani kupitia kinyesi chake. Ini tunampa kidogo kidogo, ingawa ndilo analolipenda, kwa sababu vitamini A ikizidi nayo hudhuru. Alipewa pia dawa ya minyoo, ambayo kwa kweli nilikuwa nimeichelewesha. Hilo ni kosa langu na ninalikubali.

Uzito ulipanda kwa gramu mia mbili, mia tatu kwa wiki. Ilikuwa miezi, haikuwa wiki. Siku mizani ya kliniki iliposoma kilo 25 nilishika kaunta ile ile kwa mikono yote miwili.

Ningeishia hapo na kutoa sifa, lakini siku hiyo hiyo daktari alikuwepo. Nilikuwa nimebeba makopo mawili ambayo hayajafunguliwa, lakiri zake zikiwa nzima, nikamwomba ayapokee na anirudishie hata nusu ya pesa, kwa kuwa aliniuzia dawa ya kunenepesha mbwa aliyekuwa mgonjwa wa damu. Alisema bidhaa ikishatoka dukani hairudi. Nikamwambia sawa, lakini angalau akubali kwamba hakumpima. Akacheka kidogo, akasema, "Mama, si amepona? Unataka nini tena?"

Nilichotaka ni kidogo sana. Nilitaka aseme pole. Chui alikuwa amesimama kando yangu na mbavu zake zikiwa zimeanza kujificha, na mtu yule hata wakati huo hakutoka nyuma ya kaunta kumtazama mgonjwa ambaye kliniki yake mwenyewe ilimponya. Nilipouliza habari za kijana, niliambiwa amemaliza muda wake wa mafunzo na amerudi chuoni. Kwa hiyo sifa zote nilizokuwa nimeziandaa kwa ajili ya kliniki hii zilikuwa za mtu mmoja, na mtu huyo hayupo tena. Ukienda leo, utakayemkuta ni yule mwingine.

Siwezi kusema msiende. Maabara ile ni ya kweli, na kwa upande wetu wa mji sijaona nyingine iliyo karibu. Siwezi pia kusema nendeni, maana mwenye mbwa asiyebishana atarudi nyumbani na makopo matatu, na mbwa wake huenda asipate damu ya puani mapema kiasi cha kumshtua mtu. Nilikuwa nimeandika nyota tatu, nikafuta, nikaandika mbili, na sasa nimebakiza moja, ambayo ninaitoa kwa ajili ya kijana aliyepiga magoti.

Chui sasa ana kilo 27. Bado anawachambua dagaa wenye chumvi na kuwaweka pembeni, na kila ninapowaona pembeni mwa bakuli ninamshukuru Mungu. Chanjo yake ya kichaa cha mbwa inakaribia, na sijaamua nitampeleka wapi. Nikilazimika kurudi pale, nitaomba jambo moja kabla sijalipa chochote: daktari atoke nyuma ya kaunta na aweke mkono wake juu ya mbavu za mbwa wangu.